Sifuri Hana cha Kukopesha

Mtoto ametumwa duka la pembeni hapa Jang'ombe, Unguja, na noti ya shilingi 5,000. Vitu alivyoagizwa vimefika 3,650. Anarudi na chenji mkononi, ameshaihesabu njiani, na lau muuza duka angemkata hata mia moja angelijua kabla hajavuka uchochoro. Shilingi 1,350, kamili. Baada ya Magharibi, amesharudi chuo cha Kurani, anafungua daftari la hesabu. Swali la nne: 5000 toa 3650. Anaandika 2650.

Ni hesabu ile ile aliyoifanya kwa miguu saa moja nyuma. Mwambie aisome kwa sauti, naye atakusomea bila kigugumizi: "Sifuri toa sifuri, sifuri. Sifuri toa tano, tano. Sifuri toa sita, sita. Tano toa tatu, mbili." Hapo ndipo wazee wengi tunapopandwa na mori na kumuuliza kichwa chake kiko wapi. Kichwa kipo. Dukani noti ilivunjwa mbele ya macho yake. Skuli ameambiwa akope, tena akope kwa sifuri.

Nalisema hili mapema kwa sababu naamini shida kubwa ya kutoa kwenye sifuri imo katika neno tunalolitumia. Karibu sote tulifundishwa hivi: tano haitoki kwenye sifuri, nenda kwa jirani ukakope. Jirani akiwa nne au saba, mambo yanakwenda. Akiwa naye ni sifuri, inabidi aende kwa jirani yake, na huyo naye akiwa hana, aende mbele zaidi. Mtoto wa miaka minane anabaki na msururu wa maskini wanaomngojea tajiri mmoja aliyekaa mwisho, na hakumbuki tena nani kampa nani nini.

Isitoshe, mtoto wa mtaani kwetu anajua kukopa ni nini. Duka lina daftari la madeni, na huenda jina la mama yake limo. Kilichokopwa hulipwa. Katika hesabu ya kutoa hakuna anayelipa, wala hakuna anayedaiwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa ni harusi tupu, matanga hayaji. Mtoto anayenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, tutamrudishia lini?" ameuliza swali la haki kabisa, na mara nyingi hujibiwa kwamba afuate utaratibu.

Mwaka 1999 Liping Ma, aliyekuwa mwalimu wa watoto huko China kabla ya kwenda kusoma Marekani, alitoa kitabu kilicholinganisha walimu 72 wa China na 23 wa Marekani. Jambo la kwanza alilowauliza lilikuwa hili hili: unafundishaje kutoa pale tarakimu ya juu ilipo ndogo kuliko ya chini? Wamarekani wengi walieleza kukopa. Wachina wengi walieleza kuivunja sehemu kubwa kuwa sehemu ndogo: kumi moja kuwa mamoja kumi, mia moja kuwa makumi kumi. Kwa maneno mengine, walisema kile anachokisema mtu yeyote aliyesimama mbele ya duka la Jang'ombe: "Nivunjie hii elfu kumi."

Neno tunalo, basi. Noti ikivunjwa thamani yake haipungui wala haizidi, na hapana deni lililozaliwa. Na mtu mwenye akili zake hamwendei asiye na kitu kumwomba chenji. Humwendea mwenye noti. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu na mzazi: tangu darasa la pili, liacheni neno kukopa, semeni kuvunja, na mkubaliane nalo nyumbani na skuli. Mtoto anayesikia "kopa" asubuhi na "vunja" usiku atachanganyikiwa zaidi ya yule aliyesikia moja tu, hata kama hilo moja ni baya.

Sasa sifuri mwenyewe. Jina lake tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni utupu. Kanuni za kujumlisha na kutoa kwa sifuri ziliandikwa India na Brahmagupta mwaka 628, kwa hivyo si ajabu kwamba kitu kilichowachukua wakubwa karne nyingi kukielewa kinamsumbua mtoto wa darasa la tatu. Kwa mtoto, sifuri ni "hakuna". Kwenye mpira husema "bila": timu zetu mbili za mtaani zikikutana, Taifa wamewafunga Boys mbili bila, au Boys wamewafunga Taifa, inategemea unasimama upande gani wa mtaa. "Bila" ni mwisho wa mazungumzo. Lakini sifuri iliyo katikati ya 403 ina kazi: imeshika nafasi ya makumi ili ile nne isiteremke ikawa arobaini.

Ukitaka mfano wa kumwonyesha, mpeleke barazani wazee wanapocheza bao. Mashimo 32, kete 64. Shimo likiisha kete haliondoki ubaoni, na anayesambaza haliruki: kete moja lazima iangukie humo kama kwenye mashimo mengine. Mtoto akiruka shimo tupu, babu atamkamata mkono. Kuna watoto wengi wanaoruka sifuri kwenye daftari ambao kamwe hawataruka shimo tupu kwenye bao.

Na hapa niingize jambo ambalo sijaona walimu wakilizungumza vya kutosha. Watoto wetu husoma tarakimu za aina mbili. Chuoni, kwenye juzuu, namba za kurasa na za aya zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na huko sifuri ni nukta ndogo, na kile kiduara kinachofanana na sifuri ya skuli ni tano. Mtoto aliyeanza chuo kabla ya skuli huenda alikijua kiduara kama tano kwa mwaka mzima. Wengi hulivuka hili bila taabu. Ila ukimwona mdogo anasitasita kila afikapo kwenye duara, muulize kwanza anaiita nini, kabla hujaamua kwamba hajui kutoa.

Lugha nayo ina mitego yake. Kiswahili hakitamki sifuri. Tunasema "mia nne na tatu", na mtoto anaandika 4003, kwa sababu amesikia mia nne akaiandika 400, halafu akasikia tatu akaibandika mbele. "Elfu ishirini na tano" ni mbaya zaidi: ni 25,000 au ni 20,005? Sisi wakubwa huamua kwa kujua tunanunua nini. Mtoto mbele ya daftari hana cha kumsaidia. Dawa yake ni kumzoeza kusoma namba kwa nafasi kabla ya kuisoma kwa jina: "mamia manne, makumi hamna, mamoja matatu." Hilo "hamna" alitamke kwa sauti. Mchoree visanduku vitatu au vine, kila kimoja na jina lake juu, aandike tarakimu moja ndani ya kila kisanduku, pamoja na sifuri. Fanyeni hivi wiki nzima bila kutoa chochote. Haitakuwa wiki iliyopotea.

Baada ya hapo, chukua ufagio wa chelewa. Abakasi ni nzuri skuli ikiwa nayo, lakini nyumba gani ya Unguja haina chelewa? Hesabu mia moja. Zifunge kumikumi kwa uzi au mpira, upate vicha kumi, kisha vicha vyote kumi uvifunge pamoja viwe ufagio mmoja. Mtoto afunge mwenyewe. Kazi ya kufunga ndiyo somo, na mzazi akimfungia tayari ameshamlia utamu wake. Sasa chelewa moja ni moja, kicha ni kumi, ufagio ni mia.

Weka ufagio mmoja mezani. Mwambie: nipe chelewa 36. Atautazama. Hakuna chelewa moja moja, hakuna vicha, upo ufagio tu. Nyamaza. Huu ukimya ni mgumu kwa mzazi, khasa ukiwa na chungu jikoni, lakini usiupoteze. Karibu kila mtoto mwisho wake atauliza: "Niufungue?" Mwambie aufungue. Vitatoka vicha kumi. Chelewa sita bado hazitoki. "Nifungue na kicha?" Afungue. Sasa mbele yake vipo vicha tisa na chelewa kumi. Mwache avihesabu hivyo vicha tisa kwa kidole.

Tisa hiyo ndiyo inayowasumbua watoto kote ulimwenguni. Ubaoni huonekana kama uganga: mwalimu anakata sifuri, anaandika tisa juu yake, na hakuna anayejua imetoka wapi. Mezani imetoka mahali panapoonekana: vilikuwa kumi, kimoja kimefunguliwa, vimebaki tisa. Anatoa chelewa sita, zinabaki nne. Anatoa vicha vitatu, vinabaki sita. Sitini na nne. Rudieni kwa 100 toa 58, 100 toa 7, mpaka afungue bila kuuliza. Kisha, na si kabla, mletee kalamu na aandike alichokifanya.

Kwenye maandishi kuna njia ya mkato ambayo naipenda kuliko ile ya kuvunja hatua kwa hatua. Chukua 403 toa 168. Nane haitoki kwenye tatu. Badala ya kwenda kwa sifuri kisha kwa nne, funika ile tatu kwa kidole na umuulize: hapa kushoto pana makumi mangapi? Arobaini. Vunja kumi moja, yamebaki mangapi? Thelathini na tisa. Aandike 39 juu ya 40, na ile tatu iwe kumi na tatu. Hatua moja, na tisa imejileta yenyewe. Kumi na tatu toa nane, tano. Tisa toa sita, tatu. Tatu toa moja, mbili. Jibu 235. Mtoto anayejua kurudi nyuma kutoka arobaini hadi thelathini na tisa ameshayamaliza.

Ila tahadhari. Usimfundishe kwamba "sifuri zote huwa tisa". Katika ile 5000 toa 3650 yetu, sifuri ya mwisho haiguswi, kwa sababu haitolewi kitu. Makumi ndiyo yanayohitaji: mamia hamsini yanavunjwa moja, yanabaki arobaini na tisa, na makumi yanakuwa kumi. Aliyekariri "zote tisa" ataharibu hapa, na atakapoharibu hatajua kwa nini. Muulize kila mara: nani hapa anahitaji chenji?

Kuna sifuri nyingine, ya chini, ambayo huonekana nyepesi ikasahauliwa. 745 toa 302: wapo watakaoandika nne toa sifuri ni sifuri, kwa kuwa wamekariri kwamba sifuri hula kila kitu. Huko ni kwenye kuzidisha. Swali moja linatosha: "Una maandazi manne, sijala hata moja, yamebaki mangapi?"

Nije kwenye kusahihisha, kwa maana hapa ndipo mwalimu anapoweza kupata faida kubwa kwa kazi ndogo. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya watoto katika kutoa, wakitumia programu ya kompyuta waliyoiita BUGGY. Walionyesha kwamba makosa mengi si ya uzembe. Mtoto ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Na kasoro huacha alama kwenye jibu. Chukua tena 403 toa 168, ambayo jibu lake ni 235, utazame watoto wanne waliokosa.

Wa kwanza ameandika 365. Huyu kila mahali ametoa ndogo kwenye kubwa, akageuza juu chini: nane toa tatu, sita toa sifuri. Hajui bado kwamba kuvunja kupo; mrudishe kwenye chelewa. Wa pili ameandika 145. Pungufu tisini. Ameiruka sifuri: kavunja mia, akachukua kumi tu akaipeleka kwenye mamoja, na tisini zilizobaki zimemdondoka njiani. Kisha alipofika kwenye makumi akavunja mia ya pili. Huyu aende kwenye bao. Wa tatu ana 335, zaidi kwa mia. Ameibadili sifuri kuwa tisa kwa kuwa amemwona mwalimu akifanya hivyo, lakini ile nne hakuigusa, kwa hiyo amejipatia mia ya bure. Muulize tisa hiyo ilitoka wapi. Wa nne ana 245, zaidi kwa kumi: kavunja mia vizuri, makumi yakawa kumi, kisha akatoa kumi moja kupeleka mbele na akasahau kwamba yamebaki tisa. Huyu amebakisha hatua moja tu, na kumpa alama ya mkasi sawa na yule wa kwanza ni kumdhulumu.

Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hawezi kukaa na kila mmoja na ufagio. Lakini anaweza kuandika swali moja hili ubaoni, akusanye majibu, na kwa kuangalia namba tu agawe waliokosa mafungu manne. Dakika kumi za namna hiyo zina faida kuliko maswali ishirini ya nyumbani, ambayo mtoto mwenye kasoro huyakosa yote ishirini kwa namna moja na kuzidi kuizoea.

Turudi dukani, kwa sababu yule mtoto wetu hakuvunja kitu alipohakikisha chenji yake. Alipanda. Muuza duka naye hupanda, akihesabu mkononi mwako: kutoka 3,650, hamsini, imekuwa 3,700, mia tatu, 4,000, elfu, 5,000. Jumlisha ulichopewa: 1,350. Sifuri hazikumsumbua mtu. Zilikuwa ndizo vituo vya kupumzikia. Hii ni kutoa kwa haki kabisa, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo. Wengi hudhani ya dukani ni ujanja na ya skuli ndiyo hesabu. Mwache achore mstari, aweke 3650 mwanzo na 5000 mwisho, arukie vituo na kuandika kila mruko. (Peremende badala ya hamsini si sehemu ya somo, ingawa mtoto atataka iwe.)

Njia nyingine inafaa watoto wakubwa kidogo, na ina uzuri wake. Kaka na dada wameachana miaka mitatu. Mwaka jana waliachana miaka mingapi? Mitatu. Na walipokuwa wadogo? Mitatu vile vile. Akilikubali hilo, mwambie azirudishe namba zote mbili nyuma kwa moja: 5000 toa 3650 inakuwa 4999 toa 3649. Tisa toa tisa, tisa toa nne, tisa toa sita, nne toa tatu. Hapana cha kuvunja hata kimoja. Mpe miaka anayoijua: Mapinduzi ya 1964 yalitimiza miaka mingapi mwaka 2000? Afanye 1999 toa 1963, apate 36. Beit al Ajaib, iliyojengwa 1883, ilikuwa na umri gani mwaka huo huo? 1999 toa 1882, miaka 117.

Jambo la kuharakisha kidogo: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliipeleka hisabati kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto anayefika huko huku bado anakisia tisa ilitoka wapi atabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Yote niliyoyataja ni ya kumalizwa kwa Kiswahili, darasa la tatu na la nne, chelewa zikiwa bado mezani.

Maswali matano kwa usiku yanatosha. Yaanze kwa 100 toa 36, yapite 403 na 400, yafike kwenye maelfu, na kila jibu alihakikishe mwenyewe kwa kulijumlisha na kilichotolewa; yule wa 2650 angejumlisha na 3650 akapata 6300 kutoka kwenye noti ya 5,000, na hapo hahitaji tena kuambiwa na mtu.

Ukiona anakwenda vizuri, mpe 10,000 toa 1. Pengine ataanza kukata sifuri moja baada ya nyingine, kuvunja huku na kule, mpaka juu ya namba pajae tisa. Usimkatize. Ngoja afike mwisho, alisome jibu, ainue kichwa akutazame.